Herufi Bandia

Gertrude Elion alikuwa na shahada ya kemia ya daraja la juu kabisa, na kazi yake ilikuwa kupima uchachu wa achari. Kampuni ya maduka ya vyakula ilimlipa ahakikishe kwamba matango ya siki hayajazidi ukali, kwamba matunda ya kutengenezea jemu hayana ukungu, na kwamba kiini cha yai kinachoingia kwenye mayonezi kina rangi inayotakiwa. Alikuwa amehitimu Hunter College, New York, mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 19. Chuo hicho hakikutoza ada. Kingetoza, asingesoma, maana baba yake, daktari wa meno aliyehamia Marekani kutoka Lithuania, alifilisika soko la hisa lilipoporomoka mwaka 1929.

Baada ya kuhitimu aliomba ufadhili wa masomo ya juu mahali kumi na tano hivi. Hakupata hata mmoja. Kwenye usaili mmoja wa kazi aliambiwa kwamba sifa anazo, ila maabara ile haijawahi kuwa na mwanamke, na wanahofia atawavurugia wanaume mawazo. Akaenda kujifunza ukatibu kwa wiki sita, akafanya kazi ya maabara bila mshahara, akafundisha kemia na fizikia sekondari mchana huku akisomea shahada ya uzamili usiku. Kama wewe ni kijana uliyewahi kuzunguka mjini na vyeti ndani ya bahasha ya kaki, sehemu hii ya hadithi haihitaji maelezo.

Sababu ya kung'ang'ania kemia ilikuwa ya nyumbani. Alipokuwa na miaka 15, babu yake aliyempenda sana alikufa kwa saratani ya tumbo. Mwaka 1941 akafa mchumba wake, kwa maambukizi ya bakteria kwenye moyo, ugonjwa ambao miaka michache tu baadaye penisilini ingeweza kuutibu.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyomfungulia mlango. Wanaume wa maabara waliitwa jeshini, viti vikabaki wazi. Mwaka 1944 kampuni ya dawa ya Burroughs Wellcome, huko Tuckahoe, kaskazini kidogo mwa jiji la New York, ilimwajiri kwa dola 50 kwa wiki awe msaidizi wa mwanakemia aitwaye George Hitchings.

Wakati huo dawa nyingi zilipatikana kwa kubahatisha: unajaribu hiki, unajaribu kile, unaona nini kinaua nini. Hitchings alitaka kuanzia upande wa pili. Seli haiwezi kugawanyika kabla ya kunakili DNA yake. Seli inayogawanyika kwa pupa, iwe ya bakteria au ya saratani, inahitaji vifaa vingi vya ujenzi kuliko jirani zake waliotulia. Je, ukiipa kifaa kinachofanana na halisi, lakini kibovu, itakubali?

DNA imeandikwa kwa herufi nne, A, T, G na C. Kila herufi iliyo tayari kutumika ina sehemu tatu: besi, ambayo ndiyo inayoipa jina; sukari; na fosfeti, ambayo ni kama kulabu ya kuiunganisha na wenzake kwenye mnyororo. Vitatu hivyo vikiungana huitwa nyukliotidi. Kazi ya Elion ilikuwa kutengeneza besi za bandia za kundi liitwalo purini, yaani jamii ya A na G. Ikumbukwe kwamba mwaka huohuo wa 1944 ndipo Oswald Avery na wenzake walipochapisha ushahidi kwamba DNA inabeba urithi, na umbo lake la ngazi iliyosokotwa halikujulikana hadi 1953. Elion na Hitchings walikuwa wanaghushi herufi za kitabu ambacho bado hakuna aliyejua kukisoma.

Ugonjwa uliokuja kuwapa kipimo kikali zaidi ulikuwa lukemia, saratani ya seli zinazotengeneza damu. Ndani ya uboho wa mifupa, seli nyeupe changa zinaanza kuzaana bila kukomaa na bila kukoma, mpaka nafasi ya kutengeneza damu ya kawaida inakwisha. Mtoto anapauka, fizi zinavuja damu, homa haziishi. Hakuna uvimbe ambao daktari wa upasuaji anaweza kuukata, na hakuna mdudu wa kuua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kimeingia ndani zaidi ya nguo: ni seli ya mtoto mwenyewe, yenye DNA yake mwenyewe, inayokula chakula chake mwenyewe. Sumu yoyote itakayoiua itapita pia kwenye utumbo wake, kwenye mizizi ya nywele zake na kwenye uboho wake mzima.

Kwamba jambo hilo linawezekana kulionekana kwanza Boston. Mwishoni mwa 1947 Sidney Farber, mtaalamu wa patholojia aliyezoea kuwachunguza watoto hao wakiwa wameshakufa, alianza kuwapa walio hai dawa iitwayo aminopterini. Ilitengenezwa na timu ya Yellapragada Subbarow, mwanasayansi kutoka India, na ilifanana na asidi ya foliki, vitamini ambayo seli huhitaji ili kutengeneza DNA. Juni 1948 Farber alitoa ripoti: kati ya watoto 16, 10 walipata nafuu. Damu yao ilisafika, wakaamka kitandani. Kisha, baada ya wiki au miezi, ugonjwa ulirudi.

Kule Tuckahoe, Elion alikuwa anapima purini zake kwa bakteria wa jamii ya wale wanaogandisha maziwa, Lactobacillus casei. Bakteria huyo alifaa kwa sababu unaweza kumlisha asidi ya foliki, au ukamnyima hiyo na kumpa besi zilizokwisha kutengenezwa. Kwa hiyo dawa ikimzuia kukua, unaweza kujua imezuia njia ipi. Mwaka 1948 purini moja, yenye vikundi viwili vya amino, ilimzuia vikali. Ilipelekwa hospitali ya Sloan-Kettering, New York, ambako Joseph Burchenal aliijaribu kwa watu wazima wachache wenye lukemia. Mmoja wao alikuwa mwanamke wa miaka 23. Alipata nafuu kubwa, ingawa dawa ilimtapisha mno ikabidi iachwe. Alirudi kwenye maisha yake, akaolewa, akazaa mtoto. Baada ya miaka miwili hivi ugonjwa ulirudi, akafa.

Elion alimsimulia mwanamke huyo miongo kadhaa baadaye, akiwa mzee mwenye tuzo, na bado machozi yalimlenga. Nadhani ndani ya kisa hicho mna kila kitu kitakachofuata. Wazo lilikuwa sahihi: herufi bandia inaweza kuusukuma ugonjwa nyuma. Lakini kuusukuma nyuma siyo kuuondoa, na hakuna aliyejua ni nini kilichokuwa kimebaki.

Kufikia 1951 yeye na Hitchings walikuwa wamepima zaidi ya purini 100. Katika moja wapo, Elion alichukua purini ambayo mwili huitumia kutengenezea A na G, akaondoa atomu moja ya oksijeni, akaweka salfa mahali pake. Atomu moja tu. Matokeo yake ni merkaptopurini. Iliwafanyia kazi panya wa Sloan-Kettering, kisha ikaanza kupewa watoto wenye lukemia kali. Wakati huo nusu ya watoto hao walikufa ndani ya miezi mitatu hadi minne, na ni asilimia 30 tu waliofika mwaka mmoja. Kwa merkaptopurini muda wa kati wa kuishi ukapanda hadi miezi 12. Mwaka 1953, miaka miwili na kitu tangu itengenezwe, serikali ya Marekani iliruhusu itumike, hata kabla data zote hazijakamilika.

Miezi minne ikawa kumi na miwili. Ukiwa mzazi, hiyo ni sikukuu moja ya kuzaliwa zaidi, darasa moja zaidi. Halafu, kwa watoto karibu wote, ugonjwa ulirudi, na safari hii dawa haikuushika tena.

Swali la kwa nini haikuushika ndilo lililozigeuza seli zenyewe kuwa somo. Kilichogunduliwa katika miaka ya 1950 na 1960 ni kwamba merkaptopurini ikiingia mwilini bado haijawa sumu kamili. Ni besi tupu. Seli huikuta, huidhania ni mali yake, na kwa kutumia kimeng'enya chake yenyewe huipachika sukari na fosfeti. Hapo ndipo inakuwa nyukliotidi bandia, na hapo ndipo inaanza kuua: inafunga kiwanda cha purini, na sehemu yake inashonwa ndani ya DNA. Mwenye kuikamilisha herufi ya uongo, basi, ni seli yenyewe. Lakini katika seli milioni nyingi, huenda ikapatikana moja ambayo kimeng'enya hicho ni kibovu. Kwa kawaida hasara hiyo ingekuwa kilema. Mbele ya dawa, inakuwa wokovu. Wenzake wote wanakufa, yeye anabaki, naye anazaa.

Jambo hilo lilionekana kwanza katika bakteria na panya. Kuliona katika seli za binadamu kulihitaji seli za binadamu zinazokubali kuishi nje ya binadamu, na nyingi hukataa. Hufa chomboni baada ya siku chache. Novemba 1964, katika taasisi ya utafiti ya Farber huko Boston, ilichukuliwa damu ya msichana wa miaka minne hivi mwenye lukemia kali. Seli nyeupe zilizotengwa kutoka damu hiyo hazikufa. Ziliendelea kugawanyika wiki baada ya wiki, na bado zinagawanyika. Huitwa CCRF-CEM, na leo zinauzwa ndani ya vichupa vilivyogandishwa kwa maabara za dunia nzima. Katalogi inataja umri, jinsia na ugonjwa wa mtoto yule.

Juu ya seli zake watafiti wamejifunza mengi kuhusu sitarabini, dawa nyingine ya ukoo huuhuu. Asili yake ni baharini. Mapema miaka ya 1950, mwanakemia Werner Bergmann alieleza vitu vya ajabu alivyovitoa ndani ya sifongo mmoja wa bahari ya Karibi: vilikuwa besi za kawaida zilizoshikiliwa na sukari isiyo ya kawaida. Hitchings na Elion walighushi besi. Sifongo yule alikuwa ameghushi sukari. Wanakemia wakafuata mfano huo wakatengeneza sitarabini, herufi C yenye sukari ya uongo, iliyoruhusiwa kwa wagonjwa Marekani mwaka 1969 na ambayo hadi leo ni nguzo ya tiba ya lukemia kali ya watu wazima. Ukiziweka seli za CEM kwenye dozi ndogo za sitarabini na kuipandisha polepole, mwisho unapata seli zinazoishi ndani ya dawa kana kwamba ni maji. Ukizichunguza, mara nyingi utakuta kimeng'enya cha kwanza kinachoipachika fosfeti kimepotea. Wagonjwa ni watata kuliko chombo cha maabara, na usugu wao una sababu nyingi zaidi ya hiyo. Lakini somo kubwa lilisimama: seli inayojua kukwepa dawa moja huenda ilikuwapo tangu siku ya kwanza, kabla hata dawa haijamezwa.

Kutokana na somo hilo, madaktari wakaacha kutoa dawa moja moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani, Emil Frei na Emil Freireich waliunganisha dawa nne kwa mpigo, merkaptopurini ikiwa mojawapo. Howard Skipper, huko Alabama, alikuwa ameonyesha kwa panya kwamba seli moja ya lukemia ikibaki hai inatosha kumuua mnyama mzima, na kwamba kila dozi huua sehemu fulani ya seli zilizobaki, si zote. Maana yake ni kwamba lazima uendelee kutibu muda mrefu baada ya mgonjwa kuonekana mzima. Donald Pinkel, katika hospitali ya St. Jude huko Memphis, akaongeza tiba ya ubongo, ambako seli hujificha, na kufikia miaka ya 1970 karibu nusu ya watoto wake walikuwa wanapona kabisa. Leo katika nchi tajiri wanapona takriban tisa kati ya kumi. Na sehemu ndefu kuliko zote ya tiba hiyo, miaka miwili au zaidi, ni kumeza merkaptopurini kila siku pamoja na metotreksati kila wiki. Atomu ile moja ya salfa bado iko kazini.

Hiyo ni hadithi ya dawa iliyofaulu. Kuna nyingine, ya dawa iliyoshindwa.

Mwaka 1964, mwaka uleule zilipochukuliwa seli za CEM, mwanakemia Jerome Horwitz wa Detroit alitengeneza herufi bandia ya aina mpya. Alichukua T, na pale kwenye sukari ambapo herufi inayofuata hushikiliwa, akaweka kikundi cha nitrojeni tatu kisichoshikika. Herufi hiyo ikiingia kwenye mnyororo, mnyororo unakatika hapohapo. Kwenye karatasi ilipendeza sana. Kwa panya wenye lukemia haikufanya lolote: kimeng'enya cha kunakili DNA ya seli kiliitambua na kuikwepa. Katika miaka hiyohiyo Horwitz alitengeneza ndugu zake wengine, ikiwemo stavudini. Nazo hazikupata kazi. Hakuchukua hataza. Aliandika matokeo yake, akaendelea na mambo mengine.

Miaka ishirini baadaye virusi vya UKIMWI vilipotambuliwa, ilionekana kwamba vinanakili vinasaba vyao kwa kimeng'enya chao wenyewe, chenye pupa, kisichochagua. Februari 1985, katika taasisi ileile ya saratani, Hiroaki Mitsuya na Samuel Broder waliijaribu herufi ya Horwitz, iliyoletwa na Burroughs Wellcome, kampuni ya Elion. Kimeng'enya cha virusi kiliimeza bila kusita. Ikaitwa zidovudini, au AZT, na Machi 1987 ikawa dawa ya kwanza ya UKIMWI kuruhusiwa. Maabara zilizotafuta dawa zilizofuata zilihitaji seli za binadamu ambazo virusi huzipenda, na miongoni mwa zilizotumika sana zilikuwa za ukoo wa CEM, wa yule msichana wa Boston.

Hapo ndipo hadithi hii inaingia nyumbani kwetu. AZT ilipoanza kuuzwa iligharimu karibu dola 10,000 kwa mwaka, na sisi tulizika watu. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuwauzia Madaktari Wasio na Mipaka mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Moja ya hizo tatu ilikuwa stavudini. Ndiyo iliyobeba mipango ya kwanza mikubwa ya ARV Kenya, Uganda na Tanzania. Anayekumbuka miaka hiyo anakumbuka pia mashavu yaliyobonyea na nyayo zilizowaka moto; madhara hayo yaliifanya WHO mwaka 2009 ishauri iachwe polepole. Lakini waliobonyea mashavu walikuwa hai. Kidonge kimoja kinachomezwa leo kila siku kutoka Mombasa hadi Kigoma kina dawa tatu, na mbili kati yake, tenofovir na lamivudini, ni herufi bandia.

Elion na Hitchings walipata Nobel mwaka 1988, pamoja na James Black. Elion hakuwahi kumaliza shahada ya uzamivu: chuo kilimtaka aache kazi asome muda wote, naye akachagua kazi. Horwitz hakupata senti ya AZT. Alikufa mwaka 2012.

Ninachokirudia kila nikiiwaza historia hii ni jambo moja. Dawa za Horwitz, zilizoshindwa kutibu lukemia, ndizo zilizotangulia kufika hadi zahanati za vijijini kwetu. Dawa ya Elion, iliyofaulu, bado haijamfikia kila mtoto wetu mwenye lukemia, ingawa imo kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu na ina zaidi ya miaka sabini. Ni kweli kwamba lukemia ni ngumu zaidi: inataka hadubini na mtu wa kuisoma, damu ya kuongezewa, wodi ya kumkinga mtoto na maambukizi. Lakini ARV nazo ziliwahi kuitwa ngumu mno kwa Afrika. Kilichobadilika hakikuwa kemia. Watu waliandamana, bei ikashuka, fedha zikatengwa, na mtu akapewa jukumu la kuhakikisha kopo haliishi kabla ya tarehe ya kurudi kliniki.

Utafiti uliofanywa Eldoret, magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2014 uliwaangalia watoto wenye saratani. Wale ambao familia zao hazikuwa na bima ya afya ndio walioacha tiba zaidi. Mwaka 2018 WHO iliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wawe wanapona. Lengo hilo halihitaji ugunduzi mpya. Linamhitaji mtoto wa mwaka wa pili wa tiba, ambaye nywele zimeshaota, anakimbia uwanjani, na hakuna jirani anayeamini kuwa anaumwa, apate bado kidonge chake cha leo jioni. Mama yake anajua kwa nini. Kinachobaki ni nauli, na dirisha la dawa lenye dawa.